Kabla ya Shoka, Jembe

Tafakari ya Dominika ya 3 ya Kwaresima, Mwaka C
Masomo: Kut 3:1-8, 13-15, Zab 103, 1 Kor 10:1-6, 10-12, Lk 13:1-9



Injili ya Dominika hii inatupa habari mbili za msiba na mti mmoja usiozaa. Watu wanamweleza Yesu juu ya Wagalilaya waliouawa na Pilato wakati wa kutoa sadaka. Yeye anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Waliomzunguka walikuwa na jibu tayari: waliokufa kifo cha namna ile bila shaka walikuwa wakosefu kupita wenzao. Yesu analikataa jibu hilo waziwazi, kisha anawageukia wasikilizaji wake na kuwataka watubu wao. Hapo hapo anasimulia habari za mtini. Kwa miaka mitatu mwenye shamba ametafuta tunda asilione, naye anaagiza mti ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi ili auchimbie kuzunguka shina na kuutia mbolea. Usipozaa baada ya hapo, basi.

Juma hili naomba tuisome Injili hii tukiwa tumeketi mezani pa kompyuta iliyogoma. Ofisi za parokia, maktaba za shule na nyumba nyingi za vijana wetu zina kompyuta zilizotumika kwingine kabla ya kutufikia. Baadhi zimewekewa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ambao tangu hapo maelfu ya watu wa mataifa mengi wameuendeleza na kuutoa bure. Mashine hizo huharibika. Nimekaa na vijana wetu wakizitafutia ugonjwa, na nimesadiki kwamba kazi ile, ikifanywa vizuri, inamfundisha mtu fadhila ambayo Injili ya leo inaidai: kuchimba kabla ya kuhukumu.

Mkosaji aliyetajwa mapema

Sikilizeni yanayosemwa nyumbani kompyuta inapozima yenyewe saa nane mchana. Ina virusi. Watoto wameichezea. Za mtumba ndivyo zilivyo. Ipelekwe kwa fundi aipige upya. Kila mmoja ana mkosaji wake, na hakuna hata mmoja aliyeifungua.

Akija mwenye subira akaifungua, mara nyingi atakuta feni imesongwa na vumbi, na ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka na kupasuka. Prosesa za siku hizi zimeundwa zijilinde. Joto likipanda mno, hupunguza kasi zenyewe. Likizidi kabisa, mashine huzimika ili isiungue. Ule uzito tunaoulalamikia na kule kuzimika kunakotuudhi ni mashine ikijiokoa. Amri moja fupi, sensors, ingetosha kumwonyesha mwenye nyumba nyuzi za joto zikipanda kuelekea saa nane. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Katika jumuiya zetu tunao watu waliopunguza kasi. Mama aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye sala za jumuiya ndogondogo sasa anakuja mara moja moja. Kijana wa kwaya ameacha mazoezi. Tunasema amepoa, amelegea, siku hizi anajiona. Nani amekwenda kwake akaketi? Huenda mama yule anamuuguza mume usiku kucha. Huenda kijana yule anafanya kazi mbili kwa sababu baba amefariki. Kupungua kwao ndiyo njia pekee waliyobaki nayo ya kutoanguka kabisa, nasi tumekuita uvivu.

Kuna tatizo jingine la kompyuta linalonigusa zaidi, maana linamhusu anayelalamika. Kwenye bodi kuu ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine imezimwa. Betri ikiisha, na kama mashine haijapangwa kusahihisha saa yake kupitia mtandao, saa hurudi nyuma miaka mingi kila inapowashwa. Hapo kivinjari huanza kukataa tovuti. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa mashine inayoamini kwamba bado ni mwaka 2009, cheti kilichotolewa juzi hakijaanza kutumika. Benki inakataliwa, barua pepe inakataliwa, tovuti ya jimbo inakataliwa. Mwenye kompyuta anagombana na watu wa intaneti, anabadilisha ruta, ananunua laini mpya. Wote aliowalaumu ni wazima. Aliyekosea majira ni yule aliyekuwa akiwapima.

Ndiyo maana Yesu, alipoelezwa habari za waliokufa, aliwarudishia swali walio hai. Na ndiyo maana Mtume Paulo katika somo la pili anawakumbusha Wakorinto yaliyowapata mababu jangwani: walipita wote chini ya wingu, wakala chakula kimoja, na bado wengi wao walianguka. Mtu anayejiona imara ndiye anayehitaji kuitazama saa yake mwenyewe kwanza.

Kusogea ili kutazama

Somo la kwanza linamwonyesha Musa akichunga kondoo wa mkwewe. Anaona kijiti kinawaka moto na hakiteketei. Angeweza kupita zake; alikuwa na mifugo ya kuangalia. Akaamua kugeuka na kusogea ili aelewe kwa nini kijiti hakiungui. Mungu alipoona amesogea ndipo alipomwita. Kisha Mungu anajieleza mwenyewe kwa mfuatano ambao ningependa kila mzazi, kila mwalimu na kila padre aukariri: ameyaona mateso ya watu wake, amekisikia kilio chao, anayajua maumivu yao, na sasa ameshuka awaokoe. Kuona, kusikia na kujua vinatangulia. Kuokoa kunafuata.

Linux humsaidia mtu kufuata mfuatano huo, kwa sababu huandika kumbukumbu ya karibu kila jambo linalotokea ndani yake. Amri ya dmesg huonyesha yale ambayo kiini cha mfumo kimeyaona kwenye vifaa: diski iliyochelewa kujibu, waya wa mtandao uliochomoka. Amri ya journalctl husoma daftari lote la matukio, na ukiiongezea maneno machache, kama -b -1, inakurudisha kwenye uwashaji uliotangulia, usome mashine ilikuwa ikisema nini hadi dakika ilipoanguka, mradi mfumo umepangwa kuitunza kumbukumbu hiyo kwenye diski.

Anayeanza kujifunza husoma mstari wa mwisho, kwa sababu ndio ulio mbele ya macho na ndio unaopiga kelele. Mwenye uzoefu hupanda juu, dakika kwa dakika, hadi afike kwenye kosa la kwanza. Tuchukue seva ndogo ya shule. Tovuti yake haifunguki, na mstari wa mwisho unasema hifadhidata imeshindwa kuanza. Ukipanda kidogo unaona hifadhidata ilishindwa kuandika faili. Ukipanda tena unaona kwamba diski imekataa kwa kuwa haina nafasi. Unapima nafasi kwa df -h, na unashangaa: nusu ya diski ni tupu. Wengi hukata tamaa hapo na kusema mashine ina pepo.

Lakini kuna kipimo cha pili, df -i. Katika mpangilio wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, kila faili hupewa ainodi moja, yaani nafasi kwenye orodha ya mfumo, hata kama faili hiyo ina herufi tatu tu. Idadi ya ainodi hupangwa siku diski inapoandaliwa. Programu fulani ikiachwa itengeneze vifaili vidogo kila dakika bila kuvisafisha, siku moja orodha hujaa wakati diski yenyewe ina nafasi tele. Kila kifaili hakina uzito wowote. Wingi wao ndio umeifunga milango.

Wapendwa, wengi wetu tunapochunguza dhamiri tunatafuta dhambi kubwa, na tusipoiona tunahitimisha kwamba moyo una nafasi. Hatukuua, hatukuiba, hatukuvunja ndoa. Hata hivyo hatuwezi kusali dakika 5 bila kuchoka, na mtoto akituita tunajibu kwa ukali. Jaribuni kipimo cha pili. Kijicho kidogo cha asubuhi, uongo mdogo wa sokoni, neno la kejeli kwa mfanyakazi wa ndani, nusu saa ya umbea kwenye simu: kila kimoja hakina uzito wa kuungama, ndivyo tunavyojiambia, na mwisho wa mwaka Mungu akija na zawadi hapati mahali pa kuiandika.

Kuna hali nyingine ya diski inayoshangaza zaidi. Faili kubwa imefutwa, ukiitafuta huioni, lakini nafasi haijarudi. Sababu ni kwamba programu fulani iliifungua kabla haijafutwa na bado imeishikilia. Jina limeondoka kwenye orodha. Maudhui yake yamebaki kwenye diski na yataendelea kubaki hadi programu ile iifunge. Amri ya lsof itakuonyesha ni nani anayeishikilia.

Nimesikia mara nyingi mtu akisema amemsamehe ndugu yake, na ninaamini anasema kweli kwa kadiri anavyojijua. Jina la ndugu halitajwi tena mezani. Habari za shamba lile hazizungumzwi. Lakini kila harusi ikitajwa damu inamwenda mbio, na miaka 10 imepita hajakanyaga nyumbani kwa yule. Tumezoea kusema funika kombe mwanaharamu apite, na wakati mwingine busara hiyo inaokoa siku. Haiponyi mwaka. Kilichofutwa juu juu bado kimeshikiliwa ndani, nacho kinakula nafasi ya moyo. Kwaresima ni majira ya kuuliza kwa upole: ndani yangu ni nani bado ameishikilia habari hii, na anaogopa kupoteza nini akiiachia?

Hapa niseme neno juu ya kuzima na kuwasha upya. Mara nyingi husaidia, na programu iliyoshikilia faili ikizimwa, nafasi hurudi papo hapo. Lakini mwenye kuzima kabla ya kusoma anapoteza ushahidi wa kilichotokea, na juma lijalo atakuwa palepale. Familia nyingi huishi hivyo. Ugomvi unalipuka, watu wananuna, baada ya siku tatu chai inanywewa pamoja na hakuna anayeuliza. Amani hiyo tunaipokea kwa shukrani. Tukiishaipokea, tuketi tusome pamoja, kwa sauti ya chini, kilichotangulia.

Chini ya matatizo mengi

Kuna ugonjwa wa kompyuta unaowachosha hata mafundi hodari. Leo kivinjari kinajifunga chenyewe. Kesho programu ya kuandikia inapoteza ukurasa. Keshokutwa mfumo wote unaganda. Kila mara mhanga ni mwingine, kwa hiyo kila mara analaumiwa mwingine, na kila programu inaondolewa na kuwekwa upya bila faida. Makosa yanapohamahama namna hii, mwenye hekima huacha kuzilaumu programu na kuangalia kitu kimoja ambacho zote hukitegemea: RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kila programu huweka inachokifanyia kazi.

Hili si jambo la nadra. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa seva nyingi, wakaonyesha kwamba zaidi ya 8% ya vibao vya RAM hupata kosa ndani ya mwaka mmoja. Kwenye miji ya pwani, chumvi ya hewani huweka kutu nyembamba kwenye meno ya vibao hivyo, na mara nyingine tiba yote ni kukichomoa kibao wakati umeme umekatwa, kuyasugua meno yake polepole kwa ufutio wa penseli, na kukirudisha. Ili kujua kwa hakika, kuna programu ya Memtest86+ inayoandika na kusoma kila sehemu ya kumbukumbu, tena na tena. Inahitaji saa nyingi. Watu huiacha ifanye kazi usiku kucha. Na kama vibao ni viwili, hujaribiwa kimoja kimoja.

Kimoja kimoja: hapo ndipo haraka yetu inapotuumiza. Anayebadilisha RAM, diski na mfumo siku moja huenda akaona mashine imepona, lakini hajui kilichoiponya, na tatizo likirudi hana pa kuanzia. Nasi tukianza Kwaresima na maazimio 10, katikati ya juma la pili yote yamechanganyikana na kufifia. Badilisha jambo moja. Litazame. Kisha lifuate lingine.

Yupo mtu anayegombana kazini, anagombana kwenye kwaya, anagombana na jirani juu ya mpaka, na nyumbani hakukaliki. Tukisikiliza kila kesi peke yake, kila mara atapatikana na hatia, na kila mara tutampa onyo jipya. Swali la mtunza shamba ni jingine: chini ya kesi hizi zote pana nini? Pengine ni deni analolificha. Pengine ni mtoto aliyezikwa na hajawahi kuliliwa, kwa sababu mwanamume aliambiwa asilie. Kuchimba kuzunguka shina ni kazi ya mikono na ya magoti, na haiwezekani kufanywa na mtu aliyesimama mbali akinyosha kidole.

Nusu sekunde ya Ijumaa Kuu

Tarehe 29 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza jambo lililowashtua wasimamizi wa seva duniani kote. Katika kupima kasi ya hifadhidata yake aliona kwamba kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa njia ya SSH kunakula nguvu ya prosesa kupita kawaida, na kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde ni muda wa kupepesa jicho. Yeye aligeuka ili atazame. Uchunguzi ulimfikisha kwenye xz, programu ndogo ya kubana data inayotumika kila mahali na isiyotazamwa na yeyote. Ndani ya matoleo yake mawili, 5.6.0 na 5.6.1, mlikuwa mmefichwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuziamuru seva za watu bila idhini. Ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, jamii mbili za Linux. Uligunduliwa kabla ya kufika kwenye matoleo ya kawaida ambayo watu wengi huyategemea.

Tunamshukuru Mungu kwa jicho la yule mhandisi. Lakini naomba tukae zaidi na mtu mwingine wa habari hii. Programu ya xz ilitunzwa kwa miaka mingi na Lasse Collin wa Ufini, peke yake kwa sehemu kubwa, kwa kujitolea. Mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba nguvu zake zimepungua, na kwamba afya ya akili ilikuwa sehemu ya sababu. Wakati huohuo watu wa majina yasiyojulikana walimsonga, wakilalamika kwamba kazi inachelewa na kwamba ampishe mwingine. Mwingine huyo alikuwepo tayari: mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejitokeza mwaka 2021 na kujenga imani kwa michango iliyoonekana safi. Akakabidhiwa sehemu ya mamlaka, na kwa mkono wake mlango wa siri ukaingizwa.

Ni rahisi kuuliza Collin alikosea wapi. Hilo ndilo swali la Siloamu, na Bwana hakulipokea. Swali linalofaa ni hili: katika maelfu kwa maelfu ya waliotegemea kazi ya mikono yake, wakiwemo wenye mali nyingi, ni wangapi walikuwa wamemfikia na kumuuliza kama anahitaji msaada? Waliomfikia zaidi ni walalamikaji na mdanganyifu.

Parokiani kwetu pia ipo mihimili inayobebwa na mtu mmoja. Mweka hazina ambaye kila mwaka anachaguliwa tena kwa sababu hakuna mwingine anayetaka. Katekista wa kigango cha mbali anayekwenda kwa miguu. Mama anayefua vitambaa vya altare tangu vijana wetu hawajazaliwa. Tunawakumbuka siku kitu kinapochelewa. Mtu aliyechoka peke yake yuko hatarini, na kumwacha hapo ni kosa la jumuiya nzima. Tukimfikia mapema, kwa nusu sekunde ya kwanza ya kuchelewa kwake, tunaweza kuuzuia mnara usianguke.

Jembe lina mwaka wake

Huruma ya mtunza shamba haina uzembe ndani yake. Ameomba mwaka mmoja, na amekubali kwamba mwaka utakwisha. Wapo wanaotumia neno subira kuhalalisha kutofanya lolote, na hao hawatapata kivuli chini ya mtini huu.

Diski zenyewe hutunza rekodi ya afya yake, na amri ya smartctl huisoma. Diski ikigundua sehemu yake imeharibika, huihamishia kazi kwenye sehemu ya akiba. Sehemu chache zilizohamishwa zinaweza kubaki hivyo kwa muda mrefu. Idadi inayopanda kila juma inamaanisha diski inakufa, na hakuna maombi ya mwenye diski yatakayoigeuza. Hapo mafundi wazuri wana kanuni: okoa kwanza, chunguza baadaye. Diski inayokufa haifanyiwi majaribio ya kuitengeneza ikiwa bado imebeba picha za familia au vitabu vya ubatizo. Inanakiliwa mara moja kwenye diski nzima, kwa chombo kama ddrescue, ambacho huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi kisha hurudia sehemu ngumu. Mengine yote hufanyika kwenye nakala.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu ya nyumba ambazo ndani yake mtu anapigwa. Akija kwenu mwanamke mwenye jicho lililovimba, au mtoto anayeogopa kurudi nyumbani, msimpe tafakari ya subira. Msimwambie avumilie wakati ninyi mnatafuta chanzo cha hasira ya yule anayempiga. Okoeni kwanza. Mpelekeni mahali salama, mpelekeni kwa daktari, fikisheni habari kwa wenye mamlaka. Kuchimba kuzunguka shina la mpigaji kutafanyika, na Kanisa litashiriki, lakini hakutafanyika juu ya mgongo wa anayepigwa. Mungu wa kijiti kinachowaka aliyaona mateso, alikisikia kilio, akashuka kuwatoa watu Misri. Farao alipata nafasi zake za kutubu, tena nyingi. Mungu hakuziweka nafasi hizo juu ya uhuru wa watumwa.

Kwa hiyo mwaka wa mtini si ruhusa ya kuendelea hivihivi. Ni mwaka wa kazi: udongo unageuzwa, mbolea inaletwa, mizizi inafikiwa. Na kila mmoja wetu yuko ndani ya mwaka huo sasa. Zaburi ya leo inamsifu Bwana kwa kuwa mpole wa hasira na mwingi wa fadhili. Upole wake ndio muda tulionao.

Kwa juma hili

Kila jioni kabla ya kulala, isome siku yako kwa mpangilio wa saa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake kuichunguza dhamiri kila siku, na ninawaalika muanze juma hili. Usianzie kwenye ugomvi wa jioni. Panda hadi asubuhi, utafute neno la kwanza au woga wa kwanza ambao mengine yote yalifuata. Mshukuru Mungu kwa alichokuonyesha, omba toba kwa hilo moja, na kama ni zito, lipeleke kwenye kitubio.

Kabla ya kumtaja mkosaji, nyumbani au kazini, uliza swali moja la kweli na usikilize jibu hadi mwisho. Ikiwezekana nenda kwake, usipige simu.

Mtafute mtu mmoja anayebeba peke yake jambo tunalolitegemea sote. Mchukulie sehemu ya mzigo kwa siku moja, na siku hiyo usimletee lalamiko lolote.

Nanyi vijana mnaotengeneza kompyuta za parokia na za majirani, mkizisafisha vumbi na kuzisomea kumbukumbu zake usiku, jueni kwamba mnafanya utume. Hesabu za kigango, barua za mabweni, majina ya wabatizwa yamo humo. Fanyeni kwa subira na kwa ukweli, na nakala ya akiba iwepo daima mahali pengine.

Tuombe

Ee Bwana, uliyekataa kuwahukumu waliokufa Siloamu, utuzuie tusitaje mkosaji kabla ya kuona. Utupe moyo wa Musa wa kugeuka na kusogea, na mikono ya mtunza shamba isiyochoka kuchimba. Uwaokoe leo wote wanaoumizwa, na ututume sisi kwao bila kukawia. Uwatie nguvu wanaofanya kazi peke yao kwa ajili yetu. Chimba kuzunguka mizizi yetu, hata pale panapouma, ili mwaka huu wa neema usipite bila tunda. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.